Imla kwa Kompyuta: Namna ya Kupanga Vitufe vya Mkato vya Kuandikia kwa Sauti

Utangulizi

Kila mwalimu wa shule ya msingi anaijua imla. Mwalimu husoma fungu la maneno, hunyamaza kidogo, na wanafunzi huandika. Kisha husoma tena, na mwisho kazi husahihishwa. Mafanikio ya imla hayatokani na ukubwa wa sauti ya mwalimu. Hutokana na jinsi anavyotawala mwanzo, pumziko na mwisho. Mwalimu asiyejua kunyamaza huwachanganya wanafunzi wake, na madaftari yao hujaa mapengo.

Siku hizi iko imla ya namna nyingine, ambayo mwalimu ndiye asomaye na kompyuta ndiyo iandikayo. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Ifakara, Mang'ula au Mlimba anatakiwa kuandaa maandalio ya masomo, mitihani ya majaribio, taarifa za mahudhurio na barua kwa wazazi. Walimu wengi hawakufundishwa kupiga chapa, hivyo huandika kwa vidole viwili, na ukurasa mmoja hula jioni nzima. Wako pia walimu ambao mikono au macho yao hayawaruhusu kuandika kwa urahisi. Kwa hao wote, programu ya kuandika kwa sauti yaweza kuwa msaada mkubwa.

Makala haya yanaeleza jambo moja dogo katika matumizi ya programu hizo, nalo ni kupanga vitufe vya mkato, yaani vitufe vya kibodi ambavyo vikibonyezwa kwa pamoja huianzisha na kuisimamisha kazi ya kuandika kwa sauti bila kutumia kipanya. Tunaloshikilia ni hili: kabla ya kujifunza kusema na kompyuta, mwalimu hana budi kujifunza kuinyamazisha.

1. Programu hizi ni nini, na zimetoka wapi

Programu ya kuandika kwa sauti hupokea sauti ya msemaji kwa njia ya maikrofoni na kuigeuza kuwa maandishi. Sauti hukatwa katika vipande vifupi sana, na kila kipande hupimwa. Vipimo hivyo hulinganishwa na vile ambavyo programu ilijifunza kutokana na sauti za watu wengi, zilizorekodiwa pamoja na maandishi yake. Kisha huchaguliwa maneno yaelekeayo zaidi kuwa ndiyo yaliyotamkwa. Kwa hiyo programu haielewi kama mwanafunzi aelewavyo, hukisia. Pengine hukisia vizuri, pengine vibaya, na haina aibu ya kuandika upuuzi.

Mwaka 1952 maabara za Bell za Marekani zilitengeneza mtambo ulioitwa Audrey, ambao ulitambua tarakimu zilizotamkwa. Mwaka 1962 kampuni ya IBM ilionyesha mtambo wake, Shoebox, uliotambua maneno 16 tu. Mwaka 1997 ilitoka programu iitwayo Dragon NaturallySpeaking, iliyomwezesha mtu kusema mfululizo bila kutua baada ya kila neno. Katika programu hiyo maikrofoni ilifunguliwa na kufungwa kwa kitufe kimoja, alama ya kujumlisha iliyo upande wa kulia wa kibodi kubwa. Watengenezaji walikwisha kutambua kwamba mtu asemaye na mashine anahitaji mlango wa kufungua na kufunga ulio karibu na kidole chake. Hata hivyo Kiswahili hakikuwamo katika lugha za programu hiyo.

Kiswahili kimeingia katika kompyuta kwa juhudi za watu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelezo ya Kiswahili. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili, cha Tanzania na cha Kenya, katika lugha inazoziandika kwa sauti. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla ulipata fedha, dola milioni 3.4 za Kimarekani, kwa ajili ya kukusanya sauti za Kiswahili. Watu husoma sentensi kwa hiari, na wengine husikiliza na kuthibitisha. Mwanachuo aelewe kwamba programu huwasikia vizuri zaidi wale ambao sauti zinazofanana na zao zimekusanywa kwa wingi. Mwalimu mwenye lafudhi ya Kindamba au ya Kipogoro asishangae akisikika vibaya, wala asijione kwamba hajui Kiswahili. Upungufu huo ni wa mashine.

2. Kwa nini tutumie vitufe badala ya kipanya

Sababu ya kwanza ni mwendo wa kazi. Mwalimu atamkaye andalio lake ana kitabu mkononi na mawazo kichwani. Kila mara akitafuta alama ndogo ya maikrofoni kwenye skrini, mawazo hukatika. Kitufe hupatikana bila kutazama.

Sababu ya pili ni kelele. Katika bonde la Kilombero, mvua ya masika ikipiga bati, hata darasani mwalimu husikika kwa shida. Programu nayo huijaribu kelele hiyo kana kwamba ni maneno. Zaidi ya hayo, ofisi ya walimu haina utulivu. Chukua mfano huu. Mwalimu anatamka swali la mtihani: taja mazao mawili yanayolimwa katika bonde la Kilombero. Kabla hajaifunga maikrofoni, kiranja anaingia. Karatasi ya mtihani itasomeka hivi: "taja mazao mawili yanayolimwa katika bonde la Kilombero shikamoo mwalimu darasa la nne hatuna chaki". Mwalimu asipolisoma tena swali lake, litachapwa hivyo hivyo.

Sababu ya tatu ni siri, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Tutaieleza katika sehemu ya 6.

3. Matayarisho

Kabla ya kupanga kitufe chochote, hakikisha mambo manne.

(a) Kompyuta ina maikrofoni inayofanya kazi. Maikrofoni ya kuvaa kichwani, iliyo karibu na mdomo, hupunguza kelele kuliko ile iliyomo ndani ya kompyuta.

(b) Upo mtandao wa intaneti. Programu tunazozieleza hapa hupeleka sauti kwenye kompyuta za mbali, na huko ndiko inakogeuzwa maandishi. Mtandao ukikatika, kazi husimama. Kwa hiyo yafaa kuandaa kwanza kwa penseli yale utakayoyatamka, ili muda wa mtandao usipotee kwa kufikiri.

(c) Programu inakijua Kiswahili. Usidhani kwamba kila programu inakijua. Fungua orodha ya lugha na ukitafute. Programu iliyowekwa katika Kiingereza ikisomewa Kiswahili huandika maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa sauti, na kazi yote huwa bure.

(d) Unazo dakika za kufanya mazoezi pasipo haraka. Mkono haujifunzi kitufe siku ya kukabidhi mtihani.

4. Hatua za kupanga

Tutaeleza kwanza njia ya Google Docs, kwa kuwa haihitaji kununua programu na Kiswahili kimo. Majina ya vitufe tumeyaandika kama yalivyochapwa kwenye kibodi, na majina ya orodha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya kwanza: kuijua njia iliyokwisha kuwekwa. Fungua kivinjari cha Chrome, ingia katika Google Docs, na ufungue hati mpya. Nenda kwenye orodha ya "Tools", chagua "Voice typing". Kisanduku kidogo chenye picha ya maikrofoni kitatokea, na juu yake kuna jina la lugha. Bonyeza hapo, uchague Kiswahili cha Tanzania. Kivinjari kitaomba ruhusa ya kutumia maikrofoni, kubali. Baada ya hapo huhitaji tena orodha. Bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Maikrofoni itageuka nyekundu, na kompyuta itakuwa inasikiliza. Bonyeza vitufe vile vile tena, itanyamaza.

Hatua ya pili: kutengeneza kitufe chako cha kufungulia hati. Njia iliyotangulia ina upungufu mmoja, nao ni kwamba haifanyi kazi mpaka hati iwe imefunguliwa. Katika kompyuta za Windows unaweza kulitatua hivi. Fungua ukurasa wa Google Docs, kisha uikokote alama iliyo mwanzoni mwa anwani, juu ya kivinjari, mpaka kwenye uso wa kwanza wa skrini. Itakuwa picha ndogo. Ibonyeze kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua "Properties", utafute mahali palipoandikwa "Shortcut key", na ubonyeze herufi moja, mathalani J. Kompyuta yenyewe itaandika Ctrl + Alt + J. Kubali kwa "OK". Tangu hapo vitufe hivyo vitatu vitaufungua ukurasa wako.

Hatua ya tatu: kuepuka mgongano. Usichague herufi kwa kubahatisha. Ctrl + Alt + M, kwa mfano, ni vitufe vya kuandikia maoni pembeni, katika Google Docs na katika Microsoft Word pia. Ukivipa kazi nyingine, utaipoteza ile ya kwanza au utafungua usichokitaka. Kanuni ni nyepesi: kabla ya kukipa kitufe kazi mpya, kijaribu kwanza uone kama kina kazi ya zamani.

Hatua ya nne: programu nyingine. Katika Windows 10 na Windows 11, kitufe chenye nembo ya Windows kikibonyezwa pamoja na H hufungua uandishi wa sauti katika programu yoyote inayoandikika. Lugha hufuata ile ya kibodi, na kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi hubadilisha lugha hiyo. Katika Microsoft Word ya kulipia, Alt pamoja na kitufe chenye alama ya `, kilicho chini ya Esc, hufungua na kufunga kazi ya "Dictate". Kote huko tazama kwanza kama Kiswahili kimo katika orodha ya lugha. Kisipokuwamo, rudi kwenye njia ya Google Docs. Word pia hukuruhusu kujipangia vitufe vya kazi nyingine. Fungua "File", "Options", kisha "Customize Ribbon", na chini yake ubonyeze "Customize". Chagua kazi unayoitaka, bonyeza vitufe vipya, na utazame maneno "Currently assigned to". Hapo Word yenyewe hukuambia kama vitufe hivyo vina mwenyewe.

Asiye na kompyuta, bali ana simu, anaweza kutamka kwa kutumia picha ya maikrofoni iliyo kwenye kibodi ya Gboard, akiwa ameifungua hati ile ile ya Google Docs. Maandishi atayakuta baadaye kwenye kompyuta ya chuo au ya shule, na huko atayasahihisha. Wanachuo wengi wataanzia hapa, na si vibaya.

5. Uakifishaji na majina ya mahali

Ziko kazi ambazo sauti haziwezi, na mwanachuo asipoonywa atakata tamaa mapema.

Kazi ya kwanza ni uakifishaji. Amri za sauti za Google Docs, kama zile za kuanza aya mpya au kukoleza maandishi, hufanya kazi kwa Kiingereza tu. Ukisema "nukta" kwa Kiswahili, kompyuta huweza kuliandika neno lenyewe, nukta. Basi gawa kazi: sauti ilete maneno, na vidole vilete alama. Tamka sentensi moja, funga maikrofoni, weka nukta na herufi kubwa, kisha fungua tena. Mwanzoni mwendo huu utaonekana mzito, lakini ndio mwendo wa imla tuliouzoea: fungu la maneno, pumziko, fungu la maneno. Humlazimisha mwalimu kusoma alichokisema kabla ya kuendelea.

Kazi ya pili ni majina. Mashine ambayo haikufunzwa majina ya kwetu itayakosea. Mang'ula yaweza kupoteza kibainishi chake, na Mngeta au Kiberege yaweza kugeuzwa neno jingine kabisa. Si vizuri mtoto wa Mang'ula asome jina la kwao likiwa limekosewa katika karatasi ya mtihani. Ziko njia mbili za kusaidia. Katika Google Docs fungua "Tools", kisha "Preferences", kisha "Substitutions". Hapo andika kifupi, mathalani "xmg", na mbele yake Mang'ula. Kila ukikiandika kifupi hicho kwa vidole na kufuatisha nafasi, jina kamili litatokea. Njia ya pili ni Ctrl + H, ambayo hutafuta neno lililokosewa katika hati nzima na kuliweka lililo sahihi mahali pake.

Vitufe vingine vitatu vya kusahihishia vinatosha kwa kuanzia: Ctrl + Z hufuta tendo la mwisho, Ctrl pamoja na kitufe cha kufutia nyuma hufuta neno zima, na Ctrl pamoja na mishale ya kushoto na kulia huruka neno kwa neno.

6. Mambo mawili ya kuzingatia sana

Mwalimu na mwanafunzi mwenye ulemavu

Kwa mwalimu mwenye mikono mizima, kitufe cha mkato hupunguza uchovu. Kwa mwenye mkono mmoja, au mikono isiyotulia, huenda kikawa ndicho kinachoamua kama ataweza kuandaa somo mwenyewe au ataomba kuandikiwa kila siku. Lakini kitufe hicho hicho chaweza kuwa kizuizi. Ctrl, Shift na S kwa pamoja ni vidole vitatu, na si kila mtu anavyo vidole vitatu vya kutii kwa wakati mmoja. Windows ina msaada uitwao "Sticky Keys". Bonyeza Shift mara tano mfululizo na ukubali swali litakalotokea. Tangu hapo utaweza kubonyeza Ctrl, ukaiacha, kisha Shift, ukaiacha, kisha S, na kompyuta ikavihesabu kuwa vimebonyezwa pamoja.

Kwa asiyeona, kipanya hakina maana yoyote. Vitufe ndiyo njia yake. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na isiyouzwa, humsomea yaliyomo kwenye skrini, na imo sauti ya Kiswahili. Iko hatari moja: maikrofoni ikiwa wazi, hudaka sauti ya NVDA yenyewe na kuiandika. Basi avae vipokea sauti vya masikioni, na ajue kwamba kitufe cha Ctrl peke yake huinyamazisha NVDA.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetambua haki yao ya kupata elimu na huduma bila ubaguzi. Mwanachuo ajifunze misaada hii hata kama mwenyewe haihitaji, kwa sababu darasani atakutana na mtoto anayeihitaji, na mtoto huyo hatajua kuiomba kwa jina.

Siri za watoto

Tumesema kwamba sauti hupelekwa mbali. Maana yake ni kwamba maikrofoni iliyoachwa wazi ofisini hupeleka kila isemacho ofisi: mzazi anayeeleza ugonjwa wa mwanawe, mwalimu wa malezi anayezungumza na mtoto aliyetendewa vibaya nyumbani, alama za mwanafunzi aliyeshindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zihusuzo watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Hata kama pasingekuwa na sheria, mzazi alipomleta mtoto shuleni alimwamini mwalimu. Hakuyaamini maikrofoni asiyoyajua.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni tatu. Usitamke jina la mtoto pamoja na habari za afya yake, familia yake au adhabu yake. Hayo yaandike kwa mkono. Usitamke chochote akiwapo mtu ambaye hajui kwamba maikrofoni iko wazi. Na kila mtu aingiapo, mkono uende kwenye kitufe cha kunyamazisha kabla ya kuitikia salamu.

7. Namna ya kulifundisha somo hili chuoni

Aghalabu kompyuta ni chache na wanachuo ni wengi. Hilo lisizuie somo. Tumia vipindi viwili kwa mpango ufuatao.

Zana: kompyuta moja yenye maikrofoni, kibodi za karatasi, zilizochorwa na wanachuo wenyewe kwenye maboksi au manila kwa ukubwa wa kibodi halisi, na kifungu kifupi cha habari chenye sentensi tano.

Kipindi cha kwanza. Mkufunzi aanze kwa imla ya kawaida ya sentensi mbili, kisha aulize: ni nini kilichowasaidia kuandika bila kuacha maneno? Majibu yataelekea kwenye pumziko. Baada ya hapo aonyeshe kwenye kompyuta kufungua na kufunga maikrofoni. Wanachuo, wawili wawili, wafanye mazoezi kwenye kibodi za karatasi. Mmoja ataje tendo, "fungua", "nyamaza", "futa neno", na mwenzake aguse vitufe. Baada ya mara kumi, afanye hivyo akiwa amefumba macho. Karatasi haina umeme, lakini vidole hujifunza mahali pa vitufe vile vile.

Kipindi cha pili. Kila kikundi kipewe zamu kwenye kompyuta. Mmoja atamke kifungu, mwingine aweke uakifishaji, wa tatu asahihishe majina. Katikati ya kazi mkufunzi abishe hodi bila kuwaonya. Kikundi ambacho neno "hodi" limeandikwa katika hati yake kirudie zoezi. Wanachuo watacheka, lakini watakumbuka.

Tathmini isiwe kuandika haraka. Iwe ni hati iliyo safi, na maikrofoni iliyofungwa kwa wakati. Mkufunzi asimdhihaki mwanachuo ambaye lafudhi yake haikutambuliwa na programu. Ampe kifupi cha kuandika kwa vidole, na amweleze sababu kama tulivyoieleza katika sehemu ya 1.

Hitimisho

Programu za kuandika kwa sauti zitaendelea kubadilika, na huenda vitufe tulivyovitaja vikabadilishwa. Utaratibu wa kuvipanga hautabadilika sana: ijue kwanza njia iliyowekwa, jitengenezee yako palipo na upungufu, epuka mgongano, zoeza mkono, na hakikisha kwamba mwenzako mwenye ulemavu anaweza kuitumia pia. Mwalimu aufuatao utaratibu huu atapata jioni ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, kazi ambayo hakuna programu imfanyiayo.

Mazoezi

1. Eleza tofauti mbili kati ya imla ya darasani na imla ya kompyuta, na mfanano mmoja.

2. Mwenzako amechagua Ctrl + Alt + M kuwa vitufe vya kufungulia ukurasa wake. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

3. Chora kibodi ya karatasi kwa ukubwa wake halisi. Tia rangi vitufe vyote vilivyotajwa katika makala haya.

4. Andika orodha ya majina kumi ya vijiji au mito ya bonde la Kilombero ambayo unadhani programu itayakosea, na ulitengenezee kila jina kifupi chake.

5. Mwalimu Mkuu amekuomba uandike kwa sauti taarifa ya mtoto anayetoroka shule kwa sababu za nyumbani. Utafanyaje? Toa sababu.